Napiga shabaha za karatasi vizuri kwa bastola, lakini mtu halisi akinivamia?
Ndugu mwenye leseni ya bastola hapo Nairobi, wasiwasi wako ni wa haki: karatasi haikufundishi kuamua. Tafuta mkufunzi mwenye bastola za mazoezi za risasi za rangi, pamoja na barakoa na kinga ya shingo. Watu wawili wakague kila mshiriki, mifuko na visu pia. Risasi halisi zisiingie chumbani kabisa.

Vaa nguo zako za kila siku, maana shati hunasa kwenye mpini unapochomoa. Omba matukio mengi yasiyohitaji kufyatua: mlevi anayefoka, kijana anayetoa simu mfukoni. Zoezi liishie kupiga 999, bastola imesharudi kwenye holsta (ala yake ya kiunoni) na mikono ikionekana. Katika shambulio la kigaidi la 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, raia wenye leseni waliingia kuokoa watu. Lakini askari anayefika huenda asiweze kukutofautisha na mvamizi. Sheria ya kujihami, muulize wakili mapema.