Je, nizile tena kalori za matembezi?

Assalaam aleikum, dada yangu. Umeuliza kama uzile tena kalori 400 ambazo saa yako ya kupima mazoezi huonyesha umezichoma baada ya kutembea kutoka Shela hadi Lamu mjini, ilhali unataka kupungua. Kwanza angalia kama kiwango chako cha kula kwa siku kilikwisha kujumuisha matembezi hayo, kwani ukiongeza utakuwa umeyahesabu mara mbili. Saa nayo usiiamini sana: kilomita 3 hivi, kwa mtu wa kilo 70, huchoma kalori 150 hadi 200, na mahamri mawili kwa mbaazi za nazi huzipita. Mimi nilizila zote kwa miezi miwili na mizani haikusogea. Nilipoacha, ikaanza kushuka. Ila ukipata njaa ya kukukosesha usingizi, rudishia nusu, tena kwa samaki.