Mchango wa Japani katika falaki ya eksirei
Umeuliza kama setilaiti za Japani zina mchango wowote wa maana katika falaki. Zinao, na ni mkubwa, hasa katika uchunguzi wa miali ya eksirei, ambayo hufyonzwa na angahewa kabla ya kufika ardhini, hivyo darubini zake hazina budi kupelekwa angani. Ya kwanza ya Japani, Hakucho, ilirushwa mwaka 1979, zikafuata Tenma, Ginga, ASCA na Suzaku.

Inayonigusa zaidi ni Hitomi ya mwaka 2016. Ilipotea wiki chache tu baada ya kurushwa, ilipojizungusha kupita kiasi hadi ikavunjika. Hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupima mwendo wa gesi yenye joto kali katika kundi la galaksi la Perseus, na kuonyesha kwamba gesi hiyo ni tulivu ajabu, ingawa katikati ya kundi hilo kuna shimo jeusi linaloichochea. Kipimo hicho kilihitaji kifaa kilichopozwa hadi karibu na sifuri halisi, yaani kiwango cha chini kabisa cha joto kinachowezekana. Kazi hiyo sasa inaendelezwa na XRISM, iliyorushwa Septemba 2023 kwa ushirikiano na Marekani na Ulaya.