Dokta anataka kuhamia kwenye kodi

SWALI: Anti habari za kazi. Mi ni daktari hospitali ya serikali, jioni napiga patitaimu kliniki ya mtu binafsi. Mwenye kliniki aliniomba nimsaidie makaratasi ya TRA, nikajikuta naipenda hii kitu kuliko zamu zenyewe. Sasa nataka niwe mshauri wa kodi kabisa. Mama anasema nimelogwa. Nianzie wapi, na bila CPA (ile ya uhasibu) ntatoboa? – Dokta, Temeke

JIBU: Pole na zamu dokta. Mama mpe muda, kwake mtoto daktari ni heshima ya ukoo mzima, ukimtajia kodi anawaza wale wanaofunga watu maduka.

Tuanze na vyeti. Huwezi kuamka tu ukajiita mshauri wa kodi, lazima TRA wakusajili, na ritani (fomu ya taarifa ya mapato) ya mwaka ya kampuni inatakiwa iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA, kwa hiyo bila hiyo utafanya kazi chini ya mtu, na kwa kuanzia wala sio mbaya. Nenda Chuo cha Kodi pale Mikocheni na vyeti vyako uulizie stashahada ya uzamili ya kodi, uulize na ratiba yao, maana masomo na patitaimu haviendi pamoja, kimoja utaacha.

Ila udaktari hautupi, ndo mtaji wako huo. Wahasibu wengi hospitali wanaijua ya dirishani tu. Huduma za afya zina msamaha wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, watu wakisikia msamaha wanashangilia, kumbe maana yake kituo hakiwezi kudai ile 18% kilicholipa kwenye manunuzi ya huduma hizo, inabaki gharama yake. Halafu yule bingwa anayekuja Jumamosi tu, ni mwajiriwa akatwe PAYE, ile kodi ya mshahara, au mtoa huduma wa kujitegemea akatwe 5% ya zuio, ile kodi anayokata mlipaji kabla ya kumlipa? Hapo ndo ugomvi unapoanzia, na wewe umeyaona kwa ndani.

Usidhani presha utaikimbia lakini. Pingamizi la makadirio, yaani kuikatalia TRA kodi waliyomkadiria mteja, lina siku 30, na mteja anatakiwa alipe kwanza theluthi ya kodi yote au kile asichobishania, kipi kikubwa ndo hicho. Sasa atakuletea barua siku ya 29, utawakumbuka wagonjwa wanaoletwa saa nane usiku.

Kazi ya serikali usiiache leo, na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika endelea kuilipia hata ukishahamia huko. Kama unachochukia ni zamu tu na sio tiba yenyewe, omba kwanza kuhamishwa idara.