Kuta za hempi, na katani tuliyonayo Tanga

Mara kwa mara mtu hunitumia video ya Wazungu wakijenga nyumba kwa hempi, na swali huwa ni lile lile: je, huku Tanga inawezekana? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilisimamia lipu ya chokaa na katani, yaani nyuzi za mkonge, kwenye nyumba ya mama yangu kule Muheza. Jibu langu ni kwamba hempi yenyewe uachane nayo, ila kinachozifanya kuta zile ziwe nzuri tunacho hapa hapa.

Hempi ni mmea ule ule wa bangi, ila aina yake ina kiasi kidogo mno cha kile kinacholevya. Mjenzi anachohitaji ni kiini cha shina, kile kigumu kama mti. Kinakatwakatwa vipande vidogo, kinachanganywa na chokaa na maji, kisha kinashindiliwa ndani ya boksi kuzunguka fremu ya mbao. Wafaransa walianza hivyo miaka ya 1980 walipokuwa wakikarabati nyumba zao za kale za mbao. Ukuta wa namna hiyo ukikauka, mita moja ya ujazo ina kilo 300 hadi 400 hivi, wakati zege la kawaida linafika kilo 2,400. Wepesi huo ndio unaozuia joto, na ndio unaoufanya ushindwe kubeba paa. Hata lile jengo la ghorofa 12 la Cape Town ambalo watu wanalisambaza mitandaoni limesimama kwa nguzo za zege, na matofali ya hempi yamejaza nafasi za katikati tu. Anayekuuzia ramani ya nyumba ya hempi bila fremu, mkimbie.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kwa hiyo simshauri mtu yeyote apande mbegu kwa ajili ya ukuta. Kuagiza mzigo kutoka nje nako ni gharama isiyo na maana kwa nyumba ya vyumba vitatu.

Sasa tuje kwenye chokaa, maana hapo ndipo penye mali. Nyumba nyingi za vijijini kwetu ni za fito na udongo, na ukuta wa udongo lazima utoe unyevu wake. Mtu akipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kuita fundi apige lipu ya saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Ya mama ilipigwa hivyo. Baada ya masika mbili ukiigonga inatoa sauti ya uwazi, na ilipobanduliwa ilidondoka mabamba mazima, nyuma yake udongo umelowa na fito zimeoza upande wa jiko. Saruji ilikuwa imeufungia ukuta maji ndani. Lipu ya chokaa inaupitisha mvuke, na udongo ukitanuka au ukisinyaa kidogo inavumilia. Nenda Tongoni ukaangalie kuta za msikiti wa kale. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zimekaa karne nyingi kando ya bahari ile ile yenye chumvi.

Ila chokaa ya matumbawe usiinunue leo. Kila tanuri la namna hiyo ni mazalia ya samaki yanayoteketezwa, na nasema hivi nikijua kuna jamaa zetu wanaoishi kwa kazi hiyo. Mkoa wetu una miamba ya chokaa nchi kavu, ukianzia Amboni, na chokaa ya mifuko inapatikana.

Katani nayo haihitaji maelezo kwa mtu wa Tanga. Tangu Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalia hai baada ya safari, mkoa huu umeishi kwa nyuzi. Kwa lipu huhitaji daraja la kwanza linalokwenda nje. Zile nyuzi fupi zinazobaki kwenye korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, zinatosha kabisa na bei yake ni ndogo. Zioshe mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu utomvu wenye sukari unachelewesha lipu kushika, kisha zianike na uzikate urefu wa sentimita 3 hadi 5.

Kazi ya nyuzi ni kuzuia nyufa lipu inapokauka, basi. Usizitie kwenye saruji ukitegemea zidumu, maana ukali wa saruji unazila taratibu mpaka zinakatika. Chokaa nayo ni kali mwanzoni, lakini kadiri inavyovuta kaboni dioksaidi kutoka hewani inarudi kuwa jiwe, na ukali unapungua.

Mchanganyiko wangu ni karai moja la chokaa iliyolowekwa kwa makarai matatu ya mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa pwani usiuguse, chumvi itakutokea ukutani mwaka hadi mwaka. Chokaa ya unga iloweke wiki kadhaa kabla ya kuitumia, huku maji yakiifunika juu. Ukipata ile ya mawe isiyozimwa, mwachie anayeijua kazi hiyo. Inachemka na kuruka, na jicho likiingiwa ni kukimbilia maji safi mengi na hospitali. Glavu na miwani ni lazima hata kwa chokaa ya unga.

Nyuzi zinatiwa mwishoni, zikitawanywa kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi. Chota kwa mwiko, uinamishe: nyuzi zikining'inia sawasawa ukingoni pote, imetosha. Ukiona mafundo, umezidisha, na kila fundo litakuwa shimo ukutani.

Lowesha ukuta kwanza, halafu piga tabaka mbili au tatu, kila moja isizidi sentimita 1, ukiacha ya chini ishike kabla ya kuongeza. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosa subira. Yule mzee aliyetufanyia kazi alikuwa akiwaambia vijana wake, "Acheni, wanangu, ukuta unavuta." Kusi ikivuma inakausha haraka mno, kwa hiyo ning'iniza magunia yaliyoloweshwa na urashe maji asubuhi na jioni siku za mwanzo.

Lakini lipu yoyote ile haitaokoa nyumba isiyo na msingi wa mawe ulionyanyuka juu ya ardhi na paa lililotokeza vya kutosha nje ya ukuta. Kama fedha ni chache, anza na hivyo viwili.

Loweka chokaa yako mwezi wa nne, uanze kazi masika ikiisha. Jaribu kwanza kwenye ukuta mmoja wa jiko la nje, uuangalie mpaka vuli ipite, ndipo uuguse ukuta wa sebule.