Shangazi, niende Peru nikanywe ayawaska?

Swali: Shikamoo shangazi. Mi ni mdada wa miaka 34 niko Houston, Texas, huku Marekani, nalea wazee. Kabla sijaja huku nilipata ajali ya basi njia ya Morogoro, mdogo wangu akafia pembeni yangu. Mpaka leo nikisikia breki za lori nalowa jasho, usiku silali, daktari akasema ni PTSD, yaani mshtuko wa ajali uliobaki akilini, akanianzishia setralini, vidonge vya sonona na mshtuko. Inasaidia kiasi ila ndoto ziko palepale. Sasa kuna mfanyakazi mwenzangu alikuwa jeshini, karudi kutoka Peru anasema kanywa ayawaska, dawa ya kienyeji ya kule msituni, na troma yote, yaani mshtuko wa vita, imeisha, anataka twende wote mwezi wa nane. Mama akisikia atasema nimeenda kwa mganga. Nifanyeje?
*Mdada wa Houston*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mdogo wako. Mama tutamfikia, nauli tutaifikia, ila tuanze na hiyo setralini maana hapo ndo pana hatari yenyewe na nashangaa mwenzio hajakuuliza.

Ayawaska ni mchanganyiko wa mmea wa porini unaotambaa kama kamba na majani ya mti mwingine wanaouita chakruna, vinachemshwa pamoja masaa mengi. Majani ndo yana DMT, ile inayoleta maono, ila ukiyanywa peke yake huoni kitu maana tumbo na ini vinaisaga kabla haijafika kichwani. Kamba inazuia kimeng'enya kinachosaga, ndo DMT inapita. Sasa kimeng'enya hichohicho kinapunguza serotonini mwilini, na setralini yako kazi yake ni kuibakiza serotonini nyingi, ukichanganya inafurika: mwili unatetemeka, homa inapanda, misuli inakakamaa, moyo unakimbia, akili inachanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Sasa fikiria hayo yanakukuta usiku wa manane msituni, hospitali iko masaa kadhaa kwa boti. Wanaotumia fluoksetini, kidonge kingine cha sonona, wako hatarini zaidi maana inakaa mwilini wiki nyingi baada ya kuacha. Tramadoli, ile dawa ya maumivu, nayo vilevile, na baadhi ya dawa za kikohozi za dukani.

Najua unachowaza sasa hivi, kwamba basi utaacha vidonge wiki mbili kabla ya safari. Usifanye hivyo kimyakimya. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, hasira, na ule usiku wako unaweza kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo, halafu ndo ukiwa katika hali hiyo unywe kitu kinachokurudisha kwenye basi lile? Daktari wako ndo aseme. Na kama wewe au mtu wa damu yako amewahi kuugua skizofrenia au baipola, hata usiendelee na huo mpango, na moyo pia uangaliwe.

Haya, tuseme dawa zisingekuwepo. Ningekwambia nini? Ningekwambia mwenzio hadanganyi, yawezekana kweli amepona au amepata nafuu. Kuna utafiti ulifanyika Natal, Brazil, ukatoka 2019, watu 29 wenye sonona sugu, wengine wakapewa ayawaska wengine kinywaji cha kuigiza, baada ya siku 7 waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 64 kwa waliokunywa na 27 kwa wale wengine. Siyo jambo dogo. Ila angalia vizuri, hiyo ni sonona na siyo PTSD, watu ni wachache, walichujwa kwanza, na walikuwa chini ya madaktari. Kituo unachokiona Instagram chenye bembea na maji ya nazi siyo hicho.

Na wenye dawa yao wenyewe hawakuwa wanaitumia hivi. Washipibo, wanaoishi kando ya mto Ucayali kule Peru, zamani mara nyingi mganga ndo alikuwa anakunywa ili aone ugonjwa uko wapi, mgonjwa analala pale anaimbiwa. Zile nyimbo wanaita ikaro, na kwao nyimbo ndo tiba yenyewe, kinywaji ni cha kumfungulia macho mwimbaji. Mganga mwenyewe anajifunza miaka, anajifungia porini na miiko yake, hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna tendo la ndoa. Peru ikautangaza ujuzi huo kuwa urithi wa taifa mwaka 2008. Baadaye wageni wakajaa miji ya Iquitos na Pucallpa, sasa kila mtu anakunywa, ndoo ya kutapikia mbele yake, na aliyesoma miaka 20 na aliyesoma miezi mitatu wote wanavaa kanzu zilezile za kudarizi, wewe mgeni utawatofautishaje?

Ngoma ya kupunga pepo kwetu pwani, uiamini usiiamini, mgonjwa anazungukwa na ndugu zake, wanajua jina lake na msiba wake, na kesho yake mganga yuko mtaa wa pili ukizidiwa unagonga. Wewe utanywa na watu usiowajua, yatafunguka ya mdogo wako, Jumapili unapanda ndege, Jumatatu unamwogesha bibi wa watu Houston. Hapo ndo roho yangu haitulii kabisa. Wapo wanaorudi wameshtuka zaidi ya walivyoenda na hakuna wa kumpigia simu.

Kuna lingine na sitalizunguka kwa sababu we ni mwanamke. Kwenye hivyo vilinge wanawake wamewahi kushikwashikwa na hata kubakwa, gizani, wakiwa hawawezi hata kusimama. Kwahiyo yeyote anayekwambia "jiachie tu, amini dawa" muulize usiku nani wa kike anabaki chumbani, muulize pia ndani ya chungu kuna nini, kwa maana wengine wanaongeza mmea unaoitwa toé ambao ni sumu inayoweza kumtoa mtu akili siku nzima. Akikasirika umepata jibu.

Kuhusu mama. Sisi tukienda kwa mganga tunajitanda khanga mpaka puani tusionekane, wenzetu wakienda kwa wa Peru wanapiga picha, kwahiyo mama ana haki ya kushangaa kidogo. Ila dini siyo lazima iwe ugomvi hapa, kule Brazil kuna kanisa la Santo Daime lililoanza 1930 chini ya Raimundo Irineu Serra, mtu mweusi aliyekuwa anagema mpira, wanakunywa hiyohiyo na wanasali Salamu Maria. Hata Marekani, Mahakama ya Juu mwaka 2006 ililipa ushindi kanisa jingine la Kibrazil, União do Vegetal, liinywe ibadani. Nje ya makanisa ya namna hiyo, DMT ni kosa hapo Texas, kwahiyo akikwambia "si lazima Peru, kuna jamaa anafanya nyumbani kwake", kataa.

Mi ningefanya hivi: rudi kwa daktari umwambie wazi vidonge havijagusa ndoto, kisha uulize kama anaweza kukupeleka kwa mtaalamu wa EMDR, tiba ya kukumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu, au tiba nyingine ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya PTSD. Hujaniambia kama umeshajaribu, na nahisi hapana, wengi wanapewa vidonge basi. Inachosha, unalia sana, ila mtu yuleyule anakusubiri wiki ijayo.

Swali: Shangazi, kaka yangu yuko Mombasa, anatumia unga tangu baba auawe. Kuna mtu anauza iboga ya Gabon mtandaoni anasema dozi moja tu arosto inakata. Tununue?

Jibu: Hapana, wala msijadili. Iboga ni mzizi unaotumiwa na wafuasi wa dini ya jadi ya Bwiti, Gabon, na ni kweli inasemwa inakata arosto, na kuna utafiti wa 2024 wa wanajeshi wastaafu 30 wa Marekani waliopewa ibogaini, kemikali inayotoka kwenye iboga, huko Mexico wakapata nafuu kubwa ya PTSD. Ila waliwekewa magnesiamu na moyo ukawa unafuatiliwa kwa mashine, kwa sababu ibogaini inavuruga mapigo na watu wameshakufa. Kaka yako akiwa na unga mwilini, au methadoni, ile dawa ya hospitali ya kumwachisha mtu unga, ndo balaa zaidi. Mombasa kliniki za methadoni zipo, mpeleke, na akishatulia mseme habari ya baba, maana kwenye barua yako umeitaja kwa maneno matatu tu.

Swali: Naenda Peru kikazi, nimletee mama Bukoba chupa moja ya ayawaska? Ana presha na huzuni.

Jibu: Baba, DMT iliyomo humo iko jedwali la kwanza, la dawa zinazobanwa zaidi, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, utamweleza nini mtu wa forodha? Na mama ana presha! Mletee kahawa, kule Chanchamayo wanalima nzuri, ingawa mtu wa Bukoba kupelekewa kahawa nako ni kutafuta maneno.