Mmeuliza kuhusu saa za wazamiaji wa jeshi

Maswali yamekuwa mengi ila ukiyachuja yanarudi palepale: hii saa ilivaliwa na mwanajeshi kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Nimechukua machache, twende nayo.

Saa ya kwanza ya wazamiaji wa jeshi si ndo Rolex Submariner?

Hapana bana, Submariner imekuja baadaye sana. Waitaliano ndo walitangulia. Duka la Panerai pale Florence lilianza kuwatengenezea wanamaji wao saa iitwayo Radiomir katikati ya miaka ya 1930, ila kasha na mashine ya ndani vilitoka Rolex, kwa hiyo hujakosea kabisa. Ni dude la milimita 47, na namba zake zimepakwa radiamu, kitu chenye mionzi kinachofanya rangi ing'ae gizani, ili zisomeke kwenye maji meusi tii. Waliozivaa ni wale jamaa wa Decima MAS, kikosi maalumu cha wanamaji wa Italia, waliokuwa wanapanda torpedo kama pikipiki, usiku, chini ya maji. Desemba 1941 watu 6 na torpedo 3 wakaingia bandari ya Alexandria kule Misri, wakatega mabomu, na meli mbili kubwa za kivita za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant, zikakaa chini palepale bandarini. Bomu la saa halimsubiri mtu anayebahatisha muda.

Ile ringi inayozunguka kuzunguka kioo ni pambo tu?

Si pambo. Unapozama unaizungusha ile alama ya sifuri ikutane na mshale wa dakika, baada ya hapo unasoma tu dakika ngapi zimepita, hamna kupiga hesabu, maana kule chini akili inakuwa nzito na hewa inaisha. Wafaransa wawili, Maloubier na Riffaud, walikuwa wanaunda kikosi cha wazamiaji wa kivita wakawa wanatafuta saa ya hivyo, kiwanda cha kwanza kikawaona kama wanapoteza muda. Wakaangukia kwa Fiechter, bosi wa kiwanda cha saa cha Blancpain, naye alikuwa mzamiaji kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili, na mwaka 1953 ikatoka Fifty Fathoms. Fathomu ni kipimo cha kina cha maji, na 50 ni kama mita 91.

Nimeonyeshwa Submariner, mfuniko wa nyuma umechongwa 0552, muuzaji anasema ilikuwa ya jeshi la majini la Uingereza. Niamini?

Mfuniko uamini mwisho kabisa, kwa sababu mtu mwenye mashine ya kuchonga anaimaliza hiyo kazi chai haijapoa. Ni kweli 0552 ni namba ya wanamaji, W10 ni ya jeshi la nchi kavu, na kale kamshale kapana kanakochongwa hapohapo mfunikoni ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, halafu chini yake inakaa namba ya saa na mwaka iliyotolewa. Sawa, sasa igeuze uangalie mbele. Mishale inatakiwa iwe mipana yenye umbo la upanga, kwenye uso kuwe na herufi T ndani ya duara (hiyo inasema imepakwa tritiamu, nayo ina mionzi ya kung'arisha gizani), na ringi iwe na vistari vya dakika zote 60, maana zile za kiraia zina vistari vya dakika 15 za mwanzo tu. Alafu angalia pini za mkanda, zimeunganishwa moja kwa moja na kasha hazichomoki, ndo maana zinavaliwa na ule mkanda wa nailoni unaopita chini ya saa. Mwisho chukua namba ya Rolex yenyewe uone kama ni ya kasha la miaka ya 1970, maana hapo ndo nyingi zilitolewa. Zinakadiriwa kama 1,200 hivi, lakini zinazouzwa mtandaoni wakati mwingine unajiuliza wanamaji wenyewe walikuwa wangapi.

Kuna mtego mwingine wa upande wa pili. Saa orijino kabisa inaweza isiwe na hivyo vitu vyote, kwa sababu ikishatoka jeshini mwenye nayo aliipeleka sevisi wakambadilishia mishale na uso wakaweka vya kiraia, au alikata pini avalie mkanda wa chuma. Binafsi ningechukua hiyo yenye mishale ya kiraia lakini ina karatasi za aliyekabidhiwa, kuliko iliyokamilika kila kitu halafu hamna anayejua imetoka wapi.

Na Tudor, saa za kampuni dada ya Rolex, zile za wanamaji wa Ufaransa ndo usiseme, alama yenyewe ni M.N. (Marine Nationale, yaani jeshi lao la majini) na tarakimu mbili za mwaka, basi. Bila karatasi pale mimi napita.

Saa ikiwa na radiamu naweza kuivaa?

Ukiivaa kwa muda mfupi kasha na kioo vinazuia sehemu kubwa, hatari iko ukiifungua, ule unga ukapumua au ukashika kisha ukala. Na usidanganyike eti haing'ai tena kwa hiyo imeisha, kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Tritiamu ni miaka 12 hivi. Wamarekani walikuwa na Tornek-Rayville, ambayo ni Blancpain iliyobadilishwa jina ili iuzike kwa jeshi lao, ilipakwa promethiamu, kitu kingine chenye mionzi, na nyuma kuna onyo kwamba ina mionzi ukiiokota irudishe kituo cha jeshi. Nyingi ziliharibiwa kama taka za mionzi, ndo maana kuipata leo ni kazi.

Mfuko wangu mdogo, nianze na ipi?

Vostok Amphibia, saa ya Kirusi. Ilianza 1967 kule mji wa Chistopol, ya mita 200, na akili yake iko hivi: maji yanavyozidi kukandamiza ndivyo mfuniko unavyozidi kubana raba, yaani presha yenyewe ndo inaifunga saa. Ila zile zenye maandishi ya Kirusi usoni yanayosema ni oda ya Wizara ya Ulinzi zisikupagawishe, nyingi zilikuwa za kuuzwa tu dukani na hazikukabidhiwa askari yeyote.

Niipeleke ikang'arishwe?

Hapana. Ile michubuko ndo unayolipia.

Naweza kuogelea nayo?

Ya miaka 50 yenye raba zilezile? Hata mvua ikinyesha iweke mfukoni.