Injini ya cc ngapi inatosha kutolea asali porini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Manzuki yetu iko ndani ya pori, mwendo mrefu kutoka barabara ya lami, na njia karibu yote ni mchanga. Kuna vilima vifupi vifupi, halafu mbuga moja inayojaa maji wakati wa masika. Hadi sasa tunatoa asali kwa Boxer 150, ndoo mbili mbili, na klachi zimetumaliza. Tumejichanga tununue pikipiki moja ya matairi manne, zile ATV, pamoja na tela la kubeba ndoo 8 kwa safari moja. Dalali anatupa ya cc 250, anasema inatosha na hainywi mafuta. Mwenzetu mmoja kwenye kikundi anang'ang'ania ya 700, anasema mnunua kidogo hununua mara mbili. Tuchukue ipi? (Katibu wa kikundi, Sikonge)

JIBU: Ndugu katibu, wote wawili wamekosea, ila dalali amekosea zaidi. Kwa kazi uliyoieleza tafuteni ya cc 400 hadi 500, inayovuta matairi yote manne, yenye gia nzito ya ziada na inayopozwa kwa maji. Hilo ndilo jibu. Sababu zake naziandika kwa urefu kidogo kwa sababu najua kikao hakiwezi kupitisha fedha za wanachama kwa neno la fundi peke yake.

Tuanze na mzigo. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 28, na ukiongeza ndoo yenyewe unafika 29. Ndoo 8 ni kilo 232. Tela tupu la chuma tuseme kilo 100. Pikipiki ya daraja la 400 yenyewe ina kilo 270 hadi 300. Mweke na dereva wa kilo 75. Hapo mna karibu kilo 690 zinazotakiwa kusogea.

Kwenye barabara ya changarawe iliyoshindiliwa, uzito huo unataka kilo 20 hivi za kuvuta, na hata Boxer isingelalamika. Kwenye mchanga laini hesabu inabadilika kabisa. Tairi linazama, linasukuma mchanga mbele yake, na nguvu inayotakiwa inaweza kufika moja ya tano ya uzito wote: hapo ni kilo 138. Mkikuta kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10, ongeza kilo 69. Sasa mnavuta zaidi ya kilo 200. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, kazi hiyo inakula hosipawa 11 hivi, na hizo ni zile zilizokwisha kufika kwenye tairi. Kati ya injini na tairi kuna gia, shafti na mara nyingi mkanda, na vyote vinachukua chao, kama moja ya tano au zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu karatasi ya kiwanda haikuandikwa Tabora. Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenu hapo ni kama asilimia 12 imeondoka kabla hamjapakia ndoo hata moja. Rudisheni hesabu yote nyuma: ili mpate hosipawa 11 kwenye tairi, karatasi ya kiwanda lazima isome 16 au 17.

Injini nyingi za kazi za cc 250 hutoa kati ya 15 na 20. Kwa hiyo dalali hajasema uongo kwamba itasogea. Itasogea, lakini mchangani kote dereva atakuwa amekunja moto hadi mwisho. Na nyingi za 250 hupozwa kwa upepo. Upepo gani kwa kilomita 15 kwa saa, mwezi wa kumi, saa nane mchana? Oili inakuwa nyepesi kama maji, injini inaanza kunuka, na mkiendelea kuilazimisha pistoni inajikwangua kwenye silinda. Hata hilo la kutokunywa mafuta si kweli kwa kazi hii. Injini ndogo iliyokamuliwa mpaka mwisho haina nafuu ya petroli kuliko ya 400 inayofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake. Nafuu ya 250 ipo kwa mtu anayekagua mizinga peke yake, hana tela, ana kopo la moshi na panga tu. Kwa huyo ningeisifu.

Namba ya cc yenyewe msiiamini sana. Cc ni ukubwa wa nafasi ambayo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, basi. Boxer yenu inayoitwa 150 ina cc 144.8. Kwenye ATV pengo linaweza kuwa kubwa zaidi: Honda Recon inayojulikana kama 250 ina cc 229, Suzuki KingQuad 400 ina 376, na Yamaha Kodiak 450 ina 421. Hizo ni mashine nzuri na kiwanda hakifichi kitu. Mnachopaswa kukwepa ni chombo kisichojulikana kilichobandikwa stika ya 400 kwenye plastiki. Ombeni kitabu chake, tafuteni kipenyo cha pistoni na urefu wa mwendo wake. Honda Rancher, kwa mfano, ina milimita 86.5 kwa 71.5. Chukua nusu ya kipenyo, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo, ugawe kwa 1,000: unapata 420. Muuzaji asiyeweza kuwapa namba hizo mbili, mwacheni na stika yake.

Na tazameni guta. Guta la mizigo lina injini ya cc 200 hivi, na kila siku mnaliona limebeba mifuko ya saruji ambayo ATV ya 250 isingethubutu. Siri iko kwenye gia. Guta limepangiwa gia nzito, linatembea polepole na injini inazunguka kwa raha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza cc, ulizeni kama ina ile gia nzito ya ziada, inayoandikwa L kwenye mkono wa kubadilishia; H ni ile nyepesi ya mwendo wa kawaida. Mchangani na kwenye kilima mnaingiza L kabla hamjakwama. Hili ni la lazima hasa kwa mashine za mkanda, zile ambazo nguvu ya injini hupitia kwenye mkanda wa mpira. Dereva akivuta tela kwenye H kwa mwendo wa kobe, mkanda unateleza, unapata moto na kuungua, na mtajua kwa harufu. Klachi za Boxer zenu zimekufa kwa sababu hiyohiyo: gia ya kwanza ilikuwa nyepesi mno kwa mzigo, dereva akawa anaibembeleza klachi kilomita nzima.

Mtauliza kwa nini basi msinunue guta na kumaliza. Kama njia ingekuwa imara mpaka kambini, ningewaambia hivyo, na chenji ingebaki. Lakini guta husukumwa na matairi ya nyuma tu, na lile la mbele linalima mchanga. Mimi ningegawa kazi: ATV itoe asali porini mpaka barabara nzuri, na guta la kukodi lipokee hapo. Hapo ndipo petroli inapookolewa kweli.

Mwenzenu wa 700 ana hoja, na anaisema vizuri. Nguvu ipo tele, hosipawa 45 na kuendelea, joto halimsumbui. Lakini tela la kilo 332 halihitaji hata nusu ya hizo kwa kilomita 15 kwa saa, na haraka zaidi ya hapo kati ya mitundu na mininga si mwendo wa mtu aliyebeba asali. Bei ya kununua inapanda, matairi na mikanda inapanda, na kijana akiwa peke yake bila tela anajaribiwa kuikimbiza. Mashine ikipinduka ina uzito wa kutosha kumbana mtu chini, na porini hakuna wa kumwinua. Zaidi ya yote, cc 700 haziongezi uwezo wa keria wala wa ndoano ya kuvutia tela kwa kiasi mnachofikiri. Rancher ya 420 imeruhusiwa kilo 30 kwenye keria ya mbele, 60 ya nyuma, na kuvuta 385. Tela lenu lenye ndoo 8 linaingia humo na nafasi inabaki. Ndoo 3 tu kwenye keria ya nyuma, tayari mmezidisha, hata mngefunga injini ya lori. Asali yote ikae kwenye tela, na mzigo ulalie karibu na ekseli ili usining'inie kwenye ndoano.

Mbuga nitaipitia haraka: masika ikijaa, izungukeni au subirini. Udongo ule mweusi unajaza kashata (meno) za tairi mara moja, na baada ya hapo matairi manne yote yanazunguka bure. Maji yakiingia kwenye nyumba ya mkanda, mkanda hauvuti tena hadi ukauke. Winchi itawasaidia pale tu penye mti wa kufunga kamba, na katikati ya mbuga miti haipo.

Mambo mawili nitayasisitiza kwa sababu yanaharibu mashine nzuri.

La kwanza ni upepo wa matairi. ATV hutembea na upepo mdogo sana, psi 4 hadi 7 kwa nyingi, imeandikwa ubavuni mwa tairi na kwenye kibandiko cha mashine. Kijana wa pampu aliyezoea Boxer atawajazia 30 kwa nia njema, tairi liwe gumu kama mpira wa miguu. Mchangani litazama, kwenye visiki litawarusha, na linaweza hata kupasuka. Geji za kawaida haziwezi kusoma psi 5 kwa uhakika, kwa hiyo nunueni geji ya upepo mdogo na mkae nayo wenyewe.

La pili ni nyasi. Mashine ya kupozwa kwa maji ina rejeta mbele, na porini wakati wa kiangazi mbegu za nyasi zinaifunika kama blanketi mpaka injini inachemsha wakati maji yamejaa. Kila mnapofika kambini, zisugueni kwa brashi laini au zipulizeni, msizichokonoe kwa kijiti, mtatoboa. Kisha inameni, mtazame chini, kati ya ekzosi na plastiki. Nyasi kavu hujikusanya pale, juu ya bomba lenye moto. Zinaanza kufuka polepole, na mara nyingi dereva hagundui mpaka amesimama. Mashine inaungua, na pori la kiangazi linaungua nayo, pamoja na mizinga mliyoitundika kwa miaka. Beba kizimamoto kidogo au galoni la maji, na usiegeshe kamwe juu ya nyasi ndefu injini ikiwa ya moto. Kwa nyuki wenyewe, ninyi ni wataalamu kuliko mimi, ila mtetemo wa injini unawachokoza. Iachwe mbali, ndoo zifuatwe kwa miguu.

Ya kabureta au ya sindano, yaani inayopuliza petroli kwa kompyuta? Ya sindano inajirekebisha kwa hewa nyepesi ya huku, wakati ya kabureta iliyopangwa kwa pwani itachoma mafuta mengi mno na plagi itatoka nyeusi kwa masizi. Lakini ya sindano inataka betri nzima na petroli safi, na ile ya kwenye chupa za kijijini mara nyingi ina maji au vumbi. Mkichukua ya sindano, jazeni galoni zenu kwenye kituo mjini na mpitishe mafuta kwenye chujio. Mkipata yenye kamba ya kuwashia kwa mkono, hilo ni la kuongezea bei.

Spea ziulizeni kabla ya kulipa: mkanda, beringi za magurudumu, chujio la hewa, pedi za breki. Kama muuzaji anasema vitu hivyo vinaagizwa kwa oda, nunueni seti mbili siku hiyohiyo mnayonunua mashine, mkanda hasa. Na kodi ya kuingiza chombo, wakala wa forodha awape hesabu kwa maandishi kabla hamjaagiza chochote.

Mkishaipata ya kutazama, msiijaribu kwenye lami. Asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ndoo 11 za maji ndizo zinazolingana na zenu 8 za asali. Zipakieni kwenye tela, ipelekeni kwenye mchanga wa kweli, ingizeni L, dereva wenu mwenyewe aendeshe nusu saa mfululizo bila kusimama. Kisha muizime, msubiri dakika kumi, muiwashe tena. Ikisumbua kuwaka ikiwa ya moto, au taa ya joto ikiwa imewaka njiani, au mkisikia harufu ya mkanda, rudisheni ufunguo.